Masanduku ya Chuma na Namna ya Kuyatunza
Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, kama lilivyosomwa na Afisa wa Elimu

Mwalimu wa darasa, ikiwa chaki iko karibu, tafadhali andika maneno manne ubaoni kabla sijaendelea: kutu, mpira, unyevu, ukungu. Kila nikitaja neno moja katika hayo, mwanafunzi mmoja alionyeshe kwa kidole.

Somo la leo limetokana na swali la darasa la Kizimbani. Mama mmoja wa darasa hilo ana masanduku mawili ya chuma, yale ya rangi ya kijani ya kijeshi ambayo zamani yalitiwa risasi. Mumewe aliyanunua matupu kwa muuza vitu vilivyotumika. Katika sanduku moja mama alitia mbegu za kunde baada ya kuvuna. Katika la pili alitia karatasi za nyumba: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na ile karatasi ya eka tatu aliyoachiwa na baba yake. Akafunga yote mawili, akaona sasa amewashinda panya na mchwa. Masika ilipokaribia akafungua. Kunde zilinuka ukungu, na alipozipanda ziliota chache tu. Karatasi nazo zilikuwa zimeshikana. Anauliza: sanduku zima, halikutoboka, limefungwa barabara, maji yameingia wapi?

Swali hili si dogo. Kunde za mbegu zikifa, mtu huingia dukani kununua nyingine wakati ambao kila mtu anazitaka. Na hiyo karatasi ya eka tatu mnaijua. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilianza mwaka 1965 kuwagawia wananchi ardhi, eka tatu kwa kila aliyepewa. Leo wengi katika wale waliopewa wameshafariki, na ardhi iko kwa watoto na wajukuu. Siku watoto wa baba mmoja watakapobishana mpaka, karatasi hiyo ndiyo itakayosema.

Sasa jibu. Maji hayakuingia kutoka nje. Yalikuwa tayari ndani ya kunde, na mama aliyatia mwenyewe pasi na kujua. Kabla sijaeleza jambo hilo, natulitazame sanduku lenyewe, maana nalo lina mambo yake.

Zamani risasi za majeshi zilitiwa katika makasha ya mbao. Ndani ya kasha mlikuwa na bati jembamba, na bati hilo lilifungwa kwa risasi ya kuchomelea, kama fundi bati anavyoziba kibatari. Lilikinza maji vizuri, lakini likishafunguliwa mara moja, basi, halifungiki tena. Katika Vita vya Pili vya Dunia watu walipigana baharini na katika misitu yenye mvua nyingi, kama ile ya Burma, ambako askari wetu wa Afrika Mashariki wa K.A.R. walipigana mwaka 1944. Huko kitu cha chuma huota kutu kwa siku chache. Wamarekani wakatengeneza sanduku la chuma ambalo mfuniko wake una ukanda wa mpira kwa ndani, na upande mmoja kuna kibano. Ukikibana, mfuniko hushuka ukagandamiza mpira juu ya ukingo, na hewa haipiti. Ukitaka, unafungua na kufunga mara mia.

Aina inayoonekana sana katika nchi nyingi huitwa M2A1. Mtu akilishika hulitambua kwa uzito wake, maana likiwa tupu hukaribia kilo 2 na nusu. Ndani huchukua lita 7 hivi. Si kubwa. Debe moja ni zaidi ya mara mbili yake.

Na debe, kwa kweli, ni ndugu wa sanduku hili. Mafuta ya taa yalipokuwa yakiletwa kwa meli kutoka Marekani na kwingineko, yalikuja katika madebe, madebe mawili ndani ya kasha moja la mbao. Mafuta yakaisha, debe likabaki. Likachotewa maji, likapimiwa mahindi, likakunjuliwa likaezekea banda la kuku, na mpaka leo sokoni watu wanasema debe la mpunga hata kama kipimo chenyewe ni ndoo ya plastiki. Watu wetu hawahitaji kufundishwa kutumia chombo kilichomaliza kazi yake ya kwanza. Lakini debe halina mpira. Hata likifunikwa, hewa hupita. Sanduku la risasi halipitishi, na hapo ndipo mtu anapolitumainia kupita kiasi.

Neno moja la tahadhari kabla hujalitia sanduku ndani ya nyumba. Nunua lililo wazi, tupu, kwa mtu anayejulikana, na risiti uichukue. Mali ya jeshi haiuzwi vichochoroni usiku. Ukiokota sanduku shambani au ufukweni, limefungwa na hujui ndani mna nini, usilifungue, usilitikise, usimwambie mtoto akuletee. Ondoka hapo, mwite sheha au polisi. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi liliripuka Mbagala, Dar es Salaam, na tarehe 16 Februari 2011 likaripuka jingine Gongo la Mboto. Watu wengi walikufa, na mabomu yaliangukia majumbani mwa watu na viwanjani, mengine bila kuripuka. Kitu cha namna hiyo hakiharibiki kwa sababu kimeota kutu. Aghalabu kutu hukizidishia hatari.

Baada ya hayo, lioshe. Ndani ya masanduku ya zamani hubaki vumbi la risasi, na risasi ni sumu. Rangi ya zamani nayo pengine ina risasi ndani yake. Osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza mara mbili, likaushe juani mfuniko ukiwa wazi. Hata baada ya kuosha, mimi singetia chakula moja kwa moja juu ya chuma chake. Tia kwanza katika chupa ya kioo au mfuko safi, ndipo utie ndani.

Sasa mpira. Hiki ndicho kiungo cha thamani kuliko vyote, wala si unene wa chuma. Chukua ukanda wa karatasi wa upana wa vidole viwili. Uweke juu ya ukingo, funga mfuniko juu yake, bana, kisha uvute ukanda. Ukiwa mgumu kutoka au ukikatika, mpira unabana. Ukitoka kwa wepesi, mahali hapo hapabani. Fanya hivyo pande zote nne na katika pembe zote, maana mpira huchoka pembeni kwanza. Kisha ukitaka hakika, funga sanduku tupu, lizamishe katika beseni kubwa la maji, ulikandamize kwa mkono, uangalie. Mapovu yakitoka mfululizo mahali pamoja, hapo ndipo penye tundu. Povu moja mawili ya mwanzo yasikutishe, hewa hiyo ilikuwa imejificha kwenye bawaba.

Mpira uliokauka ukapasuka hautibiki. Utafutiwe mwingine wa unene uleule, na fundi wa magari aweza kukukatia. Lakini mpira ulio mzima hautaki mengi: ufute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, ukauke, halafu upake poda kidogo au mafuta ya silikoni. Usiupake mafuta ya taa, wala girisi ya gari, wala mafuta ya nazi. Najua watu wetu huyatumia mafuta ya nazi kwa kila kitu tangu nywele mpaka bawaba za mlango, lakini mpira mwingi ukinywa mafuta huvimba na kulegea. Na usiache sanduku limebanwa juani mchana kutwa, kwani joto huuzeesha mpira upesi.

Tuje kwenye kutu. Chuma kikipata maji na hewa kwa pamoja, hugeuka kutu, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Sisi wa Unguja tumezungukwa na bahari. Kisiwa chote kina urefu wa kilomita 85 hivi na upana usiofika 40, kwa hiyo hata mtu wa Kizimbani, ambaye haoni bahari kutoka mlangoni kwake, upepo wake una chumvi. Nyumba za Mji Mkongwe zina zaidi ya hayo: kuta za mawe na chokaa hunywa maji kutoka ardhini pamoja na chumvi yake, na sanduku lililosukumwa mpaka likagusa ukuta huanza kuliwa kwa nyuma, upande usioonekana. Siku utakayolivuta utashangaa.

Kwa hiyo sanduku lisikae juu ya sakafu. Weka vipande viwili vya mbao chini yake, nafasi ya vidole vinne ibaki ukutani, hewa ipite. Jambo hili dogo, nasema kwa yakini, huokoa masanduku mengi kuliko rangi.

Kutu ikishaonekana, usipake rangi juu yake. Huko ni kumfunika mgonjwa shuka jipya. Isugue kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, mpaka uone chuma kinachong'aa. Kutu nyepesi huweza kulainishwa kwa maji ya ndimu au siki: paka, acha nusu saa, sugua. Lakini lazima uoshe na kukausha papo hapo, maana ukali wa ndimu ukibaki utaleta kutu nyingine. Halafu paka rangi ya kuzuia kutu mkono mmoja, ikauke, na rangi ya kawaida mikono miwili. Usipake rangi kwenye ukingo unaokutana na mpira. Rangi ikipasuka pale, hewa imepata njia. Bawaba na kibano vitie tone la mafuta ya cherehani, kidogo tu, yasifike kwenye mpira. Ukiona kutu imekula mpaka msumari unapenya, mshukuru sanduku hilo kwa kazi yake, litie misumari na nyundo, utafute jingine la mbegu.

Sasa narudi kwenye swali la maji yalikotoka. Hapa naomba mwalimu atuandikie hesabu ubaoni.

Hewa yetu ina unyevu mwingi. Siku ya joto, hewa iliyomo ndani ya sanduku la lita 7 hubeba maji yasiyofika robo ya gramu. Hayo ni matone matatu au manne tu. Sasa chukua kilo moja ya kunde ambazo mkononi unaziona kavu. Zikiwa na unyevu wa asilimia 14, basi katika kila gramu 100 mna gramu 14 za maji. Kilo moja ina gramu 1,000. Kwa hiyo mna gramu 140 za maji, karibu kikombe kizima cha chai. Matone matatu upande mmoja, kikombe kizima upande wa pili. Gunia lingeyaachia maji hayo yatoke pole pole. Sanduku lenye mpira mzuri haliyaachii. Mchana linapata joto, maji yanatoka katika mbegu. Usiku chuma kinapoa, maji yanagandama kwenye mfuniko kwa ndani na kudondoka tena juu ya mbegu. Ukungu hautaki zaidi ya hapo. Kwa hiyo sanduku bora likitiwa mbegu mbichi ni baya kuliko gunia.

Mtaalamu mmoja wa mbegu wa Marekani, James Harrington, alitoa kanuni ambayo wakulima wengi duniani wanaifuata: ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, maisha yake yanazidi mara mbili, na ukipunguza joto la mahali inapokaa kwa digrii 5, yanazidi mara mbili vilevile. Kanuni hii ina mipaka yake, lakini kwa mbegu za kunde, choroko, bamia na mchicha yatosha kutuongoza.

Utajuaje kama mbegu zimekauka? Chukua chupa safi ya kioo, kavu kabisa. Tia konzi ya mbegu, tia na kijiko cha chumvi iliyokaushwa motoni ikapoa. Ziba, tikisa dakika chache, iache robo saa, kisha tazama. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mbegu zina unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Zirudishe nje. Chumvi ikianguka yote chini, zimepungua chini ya hapo, nawe waweza kuendelea na kazi. Zingatieni, sisemi zimekauka kabisa. Nasema waweza kuendelea.

Maana kwetu jua peke yake halitoshi. Hewa yenyewe ikiwa imeshiba maji, mbegu hufika mahali zikagoma kukauka. Zianike juu ya mkeka penye upepo, wala si juu ya bati saa sita mchana, kwani bati la jua la Kaskazi litaua kiini cha mbegu kabla halijaikausha. Kisha utumie mchele. Kaanga mchele mkavu bila mafuta, uwe wa moto sana lakini usiungue, uuache upoe ndani ya chombo kilichozibwa. Utie katika mfuko wa kitambaa, uweke ndani ya sanduku pamoja na mbegu, uzito wa mchele uwe sawa na wa mbegu au zaidi. Mchele utavuta maji ya mbegu. Baada ya wiki moja utoe, ukaange tena, uurudishe kwa wiki nyingine. Vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu ni vidogo mno, tena vilivyokwisha kukaa wazi vimeshashiba unyevu wa chumbani.

Wako wanaowasha mshumaa ndani ya chombo kabla ya kufunga, ili moto umalize hewa na wadudu wafe. Mshumaa huzimika mapema, wakati hewa bado ina oksijeni ya kumtosha fukusi. Kinachomuua fukusi ni chombo kujaa nafaka kavu mpaka juu na kufungwa muda mrefu, mpaka wadudu wenyewe waimalize hewa iliyobaki. Kwa hiyo sanduku la nusu tupu halifai. Tia mbegu za kujaza, au tumia dogo zaidi.

Watu wa Kizimbani nina neno nanyi peke yenu. Mnakaa mahali ambapo mikarafuu ya kwanza ya Unguja ilipandwa, karne ya 19, na Kituo cha Utafiti wa Kilimo kiko hapo hapo. Yote niliyoyasema juu ya kukausha msiyafanye kwa mbegu ya mkarafuu. Wala ya mkungumanga, wala shokishoki, wala doriani, wala kakao, wala embe. Hizi ni mbegu zinazoishi kwa maji yake. Ukizikausha umeziua, na ukizifungia zikiwa mbichi zitaoza. Mbegu hizo makazi yake ni udongo, upesi iwezekanavyo. Mwenye shaka juu ya mbegu yoyote nyingine aulize hapo kituoni, si mbali.

Zimebaki karatasi. Usizitie sanduku moja na mbegu. Chagua siku kavu, na saa nzuri ni mchana, kwani asubuhi hewa ina unyevu zaidi. Zikunjue karatasi ndani ya chumba chenye upepo kwa saa chache, si juani, wino utapauka. Kila moja uitie katika mfuko wake wa plastiki au bahasha safi, pamoja na mfuko mmoja wa mchele uliokaangwa kwa ajili ya sanduku zima. Zilizoshikana, kama za yule mama, asizibandue kwa nguvu wala kwa maji. Aziache zikauke pole pole kati ya karatasi nyeupe zenye kitu kizito juu yake, kisha ajaribu pembe moja kwa ncha ya kisu butu. Na nakala zipigwe, moja ikae kwa ndugu wa nyumba nyingine. Sanduku hili hulinda karatasi na panya, mchwa na mvua inayovuja, lakini halilindi na moto. Chuma chake ni chembamba; nyumba ikiungua, kilichomo ndani hugeuka mkaa hata moto usipokigusa.

Wala usitie humo petroli, wala baruti za fataki, wala betri kuukuu. Chombo kinachozuia hewa kuingia huzuia na kutoka.

Kila miezi mitatu lifungue siku kavu, nusa, gusa mpira, badilisha mchele, funga. Kazi ya robo saa.

Kwa zoezi la leo, kila mmoja achukue nusu karatasi aandike orodha ya vitu atakavyotia katika sanduku lake au mkebe wake, kimoja kila mstari, na tarehe ya leo juu. Kama ni mbegu, aandike jina lake, shamba ilikotoka na mwezi iliovunwa. Asiyeweza bado kuandika jina refu aandike herufi ya kwanza na kuchora. Orodha hiyo itiwe ndani ya mfuko wa plastiki na ilazwe juu kabisa, chini ya mfuniko, ili atakayefungua, hata kama si wewe, aisome kabla hajapekua.